LAZANYA YA BOLOGNA NA MWENZETU ASIYEKUJA

(Hotuba iliyotolewa baada ya chakula cha jioni, mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika tano niseme machache, na kwa kuwa matumbo yamekwisha jaa, nitazungumzia chakula kingine. Mwenye kusinzia namruhusu, ila aamke mwishoni, maana nitaomba mnyooshe mikono.

Mwezi wa Oktoba 2023 safari ya kikazi ilinifikisha Italia, nami nikapata nafasi ya kwenda Bologna kumtembelea mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne 1978. Jina silitaji kwa sababu hakunipa ruhusa; waliolala naye bweni moja watamjua. Bologna ni mji wa wasomi; chuo kikuu chake huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088. Tena ni mji wa vibaraza. Kando ya barabara zake zimejengwa njia zenye paa, ambazo jumla yake ni kilometa 62 hivi, na mvua ikinyesha mtu hutembea bila mwavuli. Chini ya vibaraza hivyo mwenzetu alinipeleka kwenye mkahawa mdogo ambao kazi yake ni lazanya, basi.

Kwa wasioijua, lazanya ni unga wa ngano uliokandwa kwa mayai. Husukumwa kama chapati hadi uwe mwembamba, ukakatwa vipande vipana, vikachemshwa kidogo, kisha vikapangwa tabaka juu ya tabaka. Kati ya tabaka hutiwa mchuzi wa nyama ya kusaga uliochemka polepole kwa saa mbili au zaidi, sosi nyeupe ya maziwa, siagi na unga, na jibini iliyokunwa. Halafu huokwa. Watu wa Bologna huchanganya spinachi katika unga, ukawa wa kijani. Tena hawana mchezo na jambo hili: mwaka 2003 maelezo ya upishi wake yaliandikishwa rasmi kwenye Chemba ya Biashara ya mji. Sisi twaandikisha viwanja, wenzetu waandikisha chakula! Na katika ile sosi nyeupe hukunwa kungumanga, kiungo ambacho ndugu zetu wa Unguja wanakivuna shambani mwao.

Haya yote nilielezwa na mwenzetu, maana alifanya kazi miaka 11 katika jiko la mkahawa huohuo, na hata sasa kazi yake ni upishi. Mchuzi wa asili wa Bologna hutiwa nyama ya nguruwe pamoja na ya ng'ombe, tena na divai. Kabla sijafungua mdomo, alimwambia mhudumu aniletee ile ya uyoga. Miaka 45, ndugu zangu, na bado anakumbuka nisichokula!

Tukiwa mezani aliuliza habari za shule. Wa kwanza kuulizwa hakuwa mwalimu mkuu. Alikuwa yule mzee wa jikoni aliyetuwekea ukoko tulipochelewa kutoka uwanjani. Nikamwambia mzee alikwisha fariki. Akaweka uma chini, akanyamaza kitambo.

Nami nikamwuliza: mbona huji mikutanoni? Ni nauli?

"Nauli ninayo," akasema. "Jarida lenu hunifikia, nami husoma orodha ya wanachama. Jina, mwaka, cheo. Jaji, Kanali, Daktari, Mkurugenzi. Mimi mtaniandika nini, bwana?"

Nikamjibu, "Mpishi."

Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Wewe utaandika kwa heshima. Atakayesoma atasema: yule aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, kaishia kwenye masufuria."

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuilaumu Kamati. Orodha ile ni kazi ya kujitolea, nayo imetusaidia kupatana. Lakini tazameni meza ya kila darasa usiku huu. Viti vitupu si vyote vya marehemu. Wenzetu wengine wako hai. Wanalima, wanauza mitumba, wanaendesha daladala, pengine kilometa chache kutoka hapa. Kadi ya mwaliko ikifika, wanaikumbuka ile safu ya tatu, wanaamua kubaki nyumbani. Tunawakosa watu waliotufundisha hesabu usiku kwa mwanga wa kibatari, na waliotugawia sabuni zetu zilipokwisha.

Mwalimu wa zamu alipoita majina asubuhi, alitaka kujua jambo moja tu: upo au hupo. Hakuna aliyejibu kwa cheo cha baba yake. Tulikuwa na jina, darasa na bweni, na kwa hayo matatu tulijuana kiasi cha kutosha kudumu hadi uzeeni.

Kwa hiyo napendekeza kwamba, kuanzia toleo lijalo, orodha yetu iwe na jina, mwaka wa kumaliza na bweni. Mwenye cheo hatakipoteza. Mshahara wake utaingia vilevile mwisho wa mwezi. Na kila mmoja wetu aondoke hapa na jina la mtu mmoja wa darasa lake asiyekuja, amtafute yeye mwenyewe, wala asianze kwa kumwuliza anafanya kazi gani.

Anayeafiki na anyooshe mkono.

(Pendekezo liliungwa mkono na wengi, likakabidhiwa kwa Kamati. – Mhariri)