Majina ya Wahindi na Maana Zake

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za majina ya Wahindi. Wengi wetu tumeyasikia madukani na kuyasoma katika vibao na magazeti, tukayapita kama sauti tupu. Lakini wahenga walinena, “Jina jema hung’ara gizani,” na neno hili ni kweli huko Bara Hindi kama lilivyo kweli kwetu.

Kwanza tufahamu kuwa Wahindi si watu wa dini moja wala lugha moja, na majina yao hayana asili moja. Wahindi Waislamu huitwa Ismail, Yusuf au Fatima, majina ambayo sisi hatuhitaji kufasiriwa. Wakristo wa Goa huitwa Maria au Francisco, na jina la ukoo huwa de Souza au Fernandes, kwani Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, wakaitawala hata mwaka 1961. Bali Wahindu, ambao ndio wengi, majina yao aghalabu yatoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vyao vya dini.

Huko Gujarat, walikotoka wengi wa Wahindi waliohamia Afrika ya Mashariki, mwenye haki ya kumpa mtoto jina ni shangazi yake. Mjuzi wa nyota hutazama saa aliyozaliwa mtoto, akataja herufi. Kisha watoto wa jamaa hushika pembe za nguo aliyolazwa mchanga, wakaibembeza kwa wimbo, na shangazi akalitamka jina lianzalo kwa herufi ile.

Na maana zake je? Vijaya ni ushindi. Lakshmi ni mungu wa kike wa mali, na Saraswati ni wa elimu. Ashoka, jina la mfalme mkuu wa kale, maana yake ni “asiye na huzuni.” Ramdas ni “mtumishi wa Rama,” kama Abdalla alivyo mtumishi wa Mwenyezi Mungu: dini mbili, fikira moja. Na katika jina la Jawaharlal Nehru, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uhindi tangu mwaka 1947, mna neno tulijualo sana, kwani jawahar ni lile lile johari letu, lililotoka kwa Waarabu likafika huku na huko.

Mpango wa majina nao hutofautiana. Mohandas Karamchand Gandhi, aliyezaliwa mwaka 1869, alipewa jina la Mohandas. Karamchand ni babaye. Gandhi ni ukoo, na maana yake ya asili ni mwuza manukato. “Mahatma” si jina, bali ni sifa: roho kuu. Wenzake wa Afrika ya Kusini walimwita Gandhibhai, kwa kuwa bhai ni ndugu, kama vile ben ni dada, na maneno hayo huungwa na jina kwa heshima. Lakini kwa Watamil wa kusini, jina la baba hutangulia. Yule bingwa wa hesabu, Srinivasa Ramanujan, jina lake mwenyewe ni hilo la pili. Basi karani aandikaye upesi bila kuuliza aweza kumwandika baba mahali pa mwana.

Tena yako majina ya kushangaza. Mama aliyefiwa na watoto wengi huenda akamwita mwanawe Kachra, yaani takataka, ili kijicho kimpite. Katika baadhi ya makabila yetu wazee walifanya vivyo hivyo. Mtoto huyo alidharauliwa kwa mdomo tu, hali moyoni apendwa mno. Lakini wengine walidharauliwa kweli. Kitabu cha kale kiitwacho Sheria za Manu chaagiza kuwa jina la mtu wa tabaka la kwanza liwe la baraka, la pili liwe la nguvu, la tatu liwe la mali, na la nne liwe la kudharauliwa. Mtu alitaja jina lake, na papo hapo akajulikana akae wapi na ale na nani.

Ndiyo sababu jambo lililotendeka Anandpur, katika Punjab, mwaka 1699, lilikuwa kubwa. Gobind Rai, kiongozi wa dini ya Masingasinga, aliwaita watu walio tayari kutoa vichwa vyao. Yasimuliwa kuwa waliosimama walikuwa watano: mwenye duka, mkulima, mpiga chapa wa nguo, mchota maji na kinyozi. Wote watano wakanywa katika chombo kimoja, wakapewa jina moja: Singh, yaani simba. Jina hilo lilikuwa la Warajput, watu wa vita na wa cheo. Sasa likawa la kinyozi pia. Kiongozi naye akanywa baada yao, akaitwa Gobind Singh. Wanawake wakaitwa Kaur, neno lenye maana ya mwana wa mfalme. Tangu siku ile hata leo, neno tunalowaitia watu hao, Singasinga, limebeba habari hiyo, ijapokuwa wengi wetu hatukuijua.

Basi, wasikilizaji, nanyi wanafunzi mtakaokuwa makarani na walimu, mtu akikutajieni jina lake, msilikate wala msiligeuze kwa kuwa ni zito ulimini. Mwulizeni lipi ni lake na lipi ni la babaye, mkaliandike sawasawa. Huenda shangazi alilichagua kwa furaha, au babu wa mababu alilipata kwa kuhatarisha kichwa chake.