Masurufu ya Mwanafunzi Anayekwenda Ng'ambo
(Hotuba iliyotolewa mbele ya Waislamu wa Misunkumilo, Mpanda)

 

Ndugu Waislamu, kila mwaka wapo vijana wa Kitanzania wanaofunga mizigo kwenda kusoma Madina, Misri, au hapa jirani Mbale, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa mwaka 1988. Leo tuzungumze juu ya mzigo wenyewe, kwani nao una hukumu zake.

Amepokea Imam Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakidai kuwa wao ni wenye kumtegemea Mungu, walipofika Makka wakawa ombaomba. Hapo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara. Basi mzazi anayempakia mwanawe kwenye treni ya Tabora akiwa na nauli ya kwenda tu, kisha akasema "Mungu atajalia", aitazame aya hiyo upya.

Vitangulie vyeti. Pasipoti, barua ya chuo, vyeti vya shule, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ambayo Uganda huitaka mpakani: hivi visiingie kamwe katika begi kubwa. Vikae mwilini mwa msafiri, na nakala zake zibaki nyumbani. Vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa wakisoma huko walilazimika kuondoka, wakarejeshwa nyumbani mwezi huohuo kupitia Ethiopia. Katika hali kama ile hakuna anayesubiriwa afungashe masanduku. Aliye na vyeti mkononi hupata pa kuanzia tena; asiye navyo atamthibitishiaje mtu kwamba alikwisha soma miaka miwili?

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Habari za safari zikienea mtaani, huja jamaa na vifurushi: "Mwanangu, nipelekee hiki kwa fulani, atakupokea stendi." Kubeba amana ni wema, lakini kifurushi kilichoshonwa usichokijua ndani yake si amana, ni mtego. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 imeweka kifungo cha maisha, na Saudi Arabia msafirishaji huuawa. Hakimu hatauliza begi lilifungwa na shangazi yupi. Tunawausia vijana: kifunguliwe mbele yako, au kibaki. Akikasirika mwenyewe, na akasirike.

Na ipo hirizi. Bado wapo wazee, kwa mapenzi tu, hatukatai, wanaoitia katika pindo la begi usiku kijana akiwa amelala. Wazee wetu, ifumueni. Anayewapenda watoto wenu kuliko nyinyi amefundisha dua ya safari, na dua haipimwi mizani uwanja wa ndege.

Nguo zitoshe, wala zisizidi. Mbale ipo chini ya Mlima Elgon, usiku pana baridi, hivyo sweta lina maana kuliko suti ya tatu. Kuhusu sala, anayekwenda kukaa muhula mzima si msafiri tena akishafika: Mashafii wameweka kikomo cha siku nne, Mahanafi kumi na tano. Basi apunguze njiani, na chuoni atimize.

Lililobaki ni madeni. Kijana ayaandike yote kwenye daftari, hata elfu mbili ya dukani, alikabidhi kwa baba mbele ya shahidi, na anaowadai amtajie pia. Jamaa wanaotaka kumfanyia karamu ya kumwaga wamuulize kwanza daftari hilo lina kiasi gani.