Bei ya Kilo Moja: Hesabu ya Mchuuzi wa Samaki

Mazungumzo kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Kalokol, Ghuba ya Ferguson



Katika fuo za Ziwa Turkana samaki huuzwa kwa njia nyingi: mmoja mmoja, kwa fungu, kwa gunia au kwa kilo. Bei zikitajwa kwa vipimo tofauti, muuzaji hawezi kujua ipi ni nzuri. Dawa ni kurudisha kila bei kwenye kipimo kimoja. Chukua pesa zote, gawanya kwa idadi ya kilo; jibu ni bei ya kilo moja.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana samaki wakavu 40, na wote pamoja wana uzito wa kilo 10. Mnunuzi wa ufuoni anampa shilingi 60 kwa kila samaki. Mnunuzi wa Lodwar anatoa shilingi 280 kwa kilo. Yupi analipa vizuri?

Wa ufuoni: 40 mara 60 ni shilingi 2,400. Gawanya kwa kilo 10, unapata shilingi 240 kwa kilo.

Wa Lodwar anaonekana kumshinda kwa shilingi 40. Lakini Lodwar ni mwendo wa kama kilomita 60. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na mzigo, ni shilingi 500. Mama atapokea 2,800, atoe 500, abaki na 2,300. Hiyo ni shilingi 230 kwa kilo. Heri angeuza ufuoni.

Sasa kina mama wanne, kila mmoja na kilo zake 10, wamtume mwenzao mmoja na kilo 40. Mzigo umeongezeka, kwa hiyo gharama ya safari imefika shilingi 800. Mauzo ni 11,200; wakitoa 800, zinabaki 10,400. Gawanya kwa 40: shilingi 260 kwa kilo. Kila mama amepata 2,600 badala ya 2,400. Samaki ni wale wale na mnunuzi ni yule yule. Kilichopungua ni gharama ya safari kwa kila kilo.

Jambo la kuangalia: usilinganishe kilo ya samaki mbichi na kilo ya mkavu, kwa sababu samaki akikauka maji hutoka na uzito hupungua. Ikiwa kilo 12 mbichi zimetoa kilo 3 kavu, zikauzwa kwa 240, mapato ni shilingi 720. Gawanya kwa zile kilo 12: kila kilo mbichi imeleta shilingi 60. Akitokea mnunuzi wa mbichi anayetoa 70, kukausha siku hiyo ni hasara, hata kabla ya kuhesabu chumvi na kazi.

Hesabu hii yote inategemea mizani. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Muuzaji ana haki ya kuutazama muhuri huo na kusoma uzito kwa macho yake kabla ya kukubali pesa.

Mwisho, andikeni: kilo ngapi, pesa ngapi, gharama ngapi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.