Kikohozi cha Mama Mja Mzito Hakingoji Kesho

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala tangi za maji. Tumekuja na neno moja: mafua makali yanaweza kumwua mama aliye na mimba, na tukingoja tunayapa nafasi.

Sisi tunaotembea vijijini tunajua vile mambo huwa. Mama anakohoa, mwili unawaka moto. Tunasema ni malaria. Tembe zinanunuliwa dukani, anachemshiwa tangawizi, anaambiwa alale. Siku ya tatu anahema kama mtu aliyepanda mlima. Sasa ni usiku, baba yuko kazini mbali, na pesa ya gari hakuna.

Kwa nini yeye azidiwe kuliko sisi? Mimba ikikua, tumbo la uzazi husukuma juu na kuyabana mapafu. Wakati huo huo anahitaji hewa zaidi, yake na ya mtoto. Moyo nao unafanya kazi zaidi, na kinga ya mwili hubadilika. Kwa hivyo mafua ambayo mume anayamaliza kwa siku chache yanaweza kushuka mapafuni mwa mke. Hatari huzidi miezi 3 ya mwisho.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ilipozunguka dunia, wajawazito walikufa kwa wingi. Mwaka 2009 ikaja ile iliyoitwa homa ya nguruwe. Huko Marekani wajawazito walikuwa kama mtu 1 kati ya 100, lakini kati ya kila 100 waliokufa, karibu 5 walikuwa wajawazito. Waliopata dawa ya virusi ndani ya siku 2 walipona vizuri kuliko waliochelewa. Halafu korona ikafika Kenya Machi 2020, nayo iliwalemea wajawazito kuliko wanawake wengine wa umri wao.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Hapa, jamani, haraka ndiyo baraka. Mama mja mzito akipata homa na kikohozi, aende kliniki siku hiyo hiyo. Apimwe malaria pia, maana hiyo nayo ni hatari kwake. Lakini akihema mbio, akishindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, akiumwa na kifua, midomo ikibadilika rangi, akichanganyikiwa, ama mtoto akipunguza kucheza tumboni, hapo ni hospitali yenye oksijeni, hata kama ni saa nane usiku. Mkifika msikae kimya kwenye foleni. Semeni: "Ana mimba, na anashindwa kupumua."

Kuna pia kinga. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wachanjwe dhidi ya mafua. Chanjo hiyo hufaa miezi yote ya mimba, na humkinga mtoto pia miezi yake ya kwanza. Tuulize kliniki kama ipo. Nyumbani, anayekohoa alale mbali na mama huyo, madirisha yafunguliwe, mikono ioshwe kwa sabuni.

Sasa kazi ya kikundi. Tunachangiana kila mwezi kwa sufuria na mabati, na ni vizuri. Tuweke kando kidogo kwa safari ya mama mgonjwa, pesa isiyongoja mkutano wala sahihi tatu. Akina baba, toeni ruhusa leo mkiwa hapa, ili mama asikae akingoja simu yenu.

Kabla hatujaachana, kila kikundi kiandike majibu manne. Ni akina nani kati yetu wana mimba sasa? Pesa ya safari inashikwa na nani? Gari au pikipiki ya usiku ni ya nani? Na watoto watabaki na nani? Tukirudi mwezi ujao, tutaomba kuona karatasi hiyo.