Chakula na Mwendo: Mazungumzo kwa Vyama vya Msingi, Chukwani



Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga kasri Chukwani, kando ya bahari yenye upepo mwanana. Raia wa kawaida wa zama hizo hawakuwa na kasri, lakini hawakuhitaji kufundishwa mazoezi. Walikwenda mjini kwa miguu, wakalima, wakavuta nyavu. Chakula chao kikawa muhogo, ndizi, samaki na mboga za shambani. Leo daladala hupita karibu na mlango, na katibu wa chama huinamia daftari kutwa nzima. Kazi ya mwili imepungua, lakini sahani haikupungua.

Wako wanaodai kwamba mwenye jembe hana haja ya nasaha hii. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Jembe hunyoosha viungo na kuimarisha moyo, ila haliondoi chumvi katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya ng'onda, achari na vidonge vya mchuzi. Ng'onda hawakatazwi, waloweshwe, maji yamwagwe, kisha mchuzi usitiwe chumvi nyingine.

Sukari nayo ina hesabu yake, na makatibu ni watu wa hesabu. Kiwango cha juu ni gramu 50 hivi kwa siku, karibu vijiko 12. Anayekunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kumaliza fungu lake kabla ya kugusa soda au kaimati. Tui zito na chipsi viwe vya siku moja moja. Mchicha, kisamvu, bamia, mapapai na machungwa vipo sokoni, na inashangaza kuona mkulima akiyauza yote na kurudi nyumbani na soda.

Kuhusu mwendo, dakika 150 kwa wiki zinatosha: nusu saa kwa siku tano, kwa hatua za haraka. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya kufika ni mazoezi, na hayahitaji viatu vya bei kubwa. Mbio za tarehe 1 Januari zinapendeza, lakini siku moja haiwezi kubeba mwaka.

Jambo la hatari ni hili. Presha mara nyingi haina dalili. Mwenye nayo hujiona mzima mpaka kiharusi kimwangushe, na nyumba yake ikose mtafutaji. Wengine huacha dawa kwa sababu wameanza kutembea na kujisikia vyema. Dawa haiachwi bila idhini ya daktari.

Kwa hiyo Mkutano Mkuu ujao uandaliwe madafu na matunda badala ya soda na maandazi. Katibu amwalike mhudumu wa afya wa kituo cha karibu na kipimo chake, wanachama wapimwe kabla ya ajenda ya kwanza. Atakayefikia 140 kwa 90 aende kituoni kupimwa tena. Majibu ni siri ya mwenyewe. Yasisomwe mkutanoni wala kuandikwa katika daftari la chama.