Chama cha Bungeni na Chama cha Kijijini

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eldoret)



Akina mama, wazee na vijana wetu, leo tuzungumze juu ya neno moja lenye kazi mbili: chama. Kuna chama cha siasa, na kuna chama chetu cha kuweka akiba na kununua mbolea pamoja. Taabu huanza tukivichanganya.

Chama cha siasa kina kazi Bungeni. Bunge la Taifa lina wabunge 349 na Spika. Kila mmoja akivuta kwake, hakuna kitakachopita. Kwa hiyo upande wa wengi husukuma miswada ya serikali, na upande wa wachache huuliza: pesa zimeenda wapi? Kubishana huko si dhambi, ndiyo kazi tuliyowatuma. Sisi tuliouona wakati wa chama kimoja, uliokwisha Desemba 1991, twajua hasara ya kukosa wa kuuliza.

Ubaya huja mbunge akimsikiliza kiranja wa chama tu, asisikie watu wake. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakiwa barabarani. Kesho yake Rais mwenyewe akakataa kuutia sahihi.

Ubaya mwingine uko kwetu. Baada ya uchaguzi wa 2007, jirani alimtazama jirani akaona kabila na chama tu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na hapa, lilichomwa huku wanawake na watoto wamekimbilia ndani. Siku hizo tuliona kikundi kikigawana mpaka sufuria. Ng'ombe wa maziwa akauzwa, na hakuwa na kadi ya chama chochote!

Sasa tuwaangalie wakubwa. Mwaka 2007 William Ruto alikuwa na Raila Odinga. Mwaka 2013 akawa na Uhuru Kenyatta. Mwaka 2022 Uhuru akamuunga mkono Raila. Machi 2025 Ruto na Raila wakatia sahihi mapatano. Wao walihama na kusalimiana. Waliozikwa Kiambaa hawakurudi.

Basi tufanye nini?

1. Siku ya mkutano wa kikundi, kadi za vyama zibaki nyumbani.

2. Mwanasiasa akileta mchango, uandikwe kwa kitabu mbele ya wote. Tushukuru, lakini tusiahidi kura.

3. Tukiwa na shida, tumwandikie mbunge kama kikundi, hata kama hatukumchagua. Katiba ya 2010, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni.

Maswali ya kujadiliana:

– Je, kikundi chetu kimewahi kugawanyika kwa sababu ya siasa? Nani aliumia?

– Tungependa mbunge wetu aulize nini Bungeni mwaka huu?

Uchaguzi utapita. Jirani atabaki, na ndiye utakayemwomba moto asubuhi.