Ulevi wa Vijana Pemba na Hatari Zinazoandamana Nao



Tukizungumza dawa za kulevya Pemba, aghalabu tunazungumza boti za usiku na bandari bubu. Hayo tuwaachie askari. Mimi nazungumzia kijana wa miaka 15 au 16, na yanayomfika baada ya bangi, kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) au unga, yaani heroini.

Tuangalie msimu wa karafuu. Kijana anachuma, analipwa kwa pishi, jioni ana pesa ambazo mzazi hazijui. Maskani, pale vijana wanapokutana kuvuta, wenzake wanamngoja. Asubuhi anaparamia mkarafuu kichwa kizito. Akianguka, hospitali inaandika kavunjika mguu. Kilichomwangusha hakiandikwi. Ndivyo pia kwa anayepinduka na bodaboda njia ya Wete, na kwa anayekuja na ugonjwa wa zinaa akapewa vidonge akaenda zake.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Jessor, alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba kwa vijana ulevi, ngono ya mapema na utoro huandamana, kwa kuwa hutoka kwenye mazingira mamoja. Kwa hiyo tusiitwike bangi kila kosa. Mtoto aliyeacha skuli, asiye na wa kumuuliza kalala wapi, yuko njiani tayari. Ila kileo humwondolea ile hofu kidogo iliyobaki.

Wanaofikia kujidunga unga kwa sindano, hali yao ni nyengine kabisa. Utafiti wa Unguja wa mwaka 2007 ulikuta VVU kwa asilimia 16 ya wanaojidunga, ilhali kwa wananchi wa Zanzibar kwa jumla havikufika asilimia 1. Homa ya ini nayo hupita kwenye sindano hiyo hiyo. Dar es Salaam, mwaka 2005, watafiti waliripoti la kutisha zaidi: mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, asiye na pesa hujidunga damu ya mwenzake aliyetoka kujidunga unga. Tiba ya methadoni kwa waraibu wa unga Zanzibar ilianza 2015 Kidongo Chekundu, Unguja. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa kijana wa Micheweni, huku Pemba, hiyo ilikuwa safari ya bahari. Na kijana wa bangi tiba hiyo haimhusu.

Kwa maoni yangu, kinachotukwamisha zaidi ni muhali. Mtoto ni wa ndugu, wa jirani, pengine wa sheha mwenyewe. Tunanyamaza mpaka binti apate mimba au mvulana akamatwe. Wala sioni faida ya kumfukuza skuli aliyekutwa na msokoto. Tunampa nafasi ya kwenda maskani na asubuhi pia.

Nawaomba wahudumu wa afya mliomo humu: kijana akija na jeraha la pikipiki, kaanguka mtini au ana ugonjwa wa zinaa, muulizeni anatumia nini. Muulizeni faraghani, baba yake asiwepo, na jibu lisifike polisi. Binti aulizwe na muuguzi wa kike. Akikiri kujidunga, na akiridhia, apimwe VVU na homa ya ini siku hiyo hiyo.